Barua kwa mwanangu: hiyo ekari unayoiita ya bure

Mpunguzi, Dodoma

Mwanangu,

Mbukwa. Huku sisi wazima. Mama yako miguu inamsumbua jioni, lakini shambani anakwenda kila siku na hataki kuambiwa.

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kuacha kazi hapo Mtumba, urudi ulime zabibu kwenye ile ekari ya bondeni, na umemalizia hivi: "Baba, shamba lipo, ni la bure, kwa hiyo gharama ni miche, nguzo na waya tu."

Kukupa shamba sikatai. Ila jirani yetu analikodi analima alizeti, ananilipa shilingi 60,000 kwa msimu. Siku ukiingia wewe, hela hiyo inakoma. Hakuna atakayekuja kukudai, wala haitaandikwa kwenye daftari lolote, lakini itakuwa imelipwa. Chuo cha Ushirika Moshi walitufundisha kuiita gharama ya fursa: thamani ya kilicho bora zaidi kati ya vile ulivyoviacha ili upate hiki. Aliyeipa jina ni mchumi wa Austria, Friedrich von Wieser, ingawa bibi yako, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akiipigia hesabu kila baada ya mavuno alipoamua debe lipi la uwele ni la kula, lipi la mbegu na lipi la pombe.

Nimesema kilicho bora zaidi, kimoja. Ekari ile ile haiwezi kukodishwa, ikalimwa karanga na ikajengwa banda la kuku kwa wakati mmoja, kwa hiyo usije ukajumlisha yote matatu ukajitisha bure. Shika lile ambalo kweli ungelifanya.

Lakini shamba ni dogo katika habari hii. Mzabibu ukipandwa leo utasubiri mwaka mmoja na nusu, pengine miwili, ndipo uone mavuno ya maana. Tuchukue miezi 18. Mshahara wako ni shilingi 350,000, ukizidisha harakaharaka unapata milioni 6.3. Hapo nako umejidanganya, maana ukirudi nyumbani hutalipa chumba cha Ipagala, shilingi 50,000 kila mwezi. Kitoe, inabaki milioni 5.4, na nauli ya daladala itaipunguza tena kidogo. Chakula usikitoe. Utakula hapa kama unavyokula huko, tofauti ni nani anapika.

Sasa ziweke pamoja. Ekari, kwa misimu miwili, ni shilingi 120,000. Wewe mwenyewe ni zaidi ya milioni 5, na kwenye orodha yako hukujiandika kabisa.

Sikwambii usilime. Mizabibu ya huku kwetu inazaa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na ikishika inakaa miaka mingi. Mshahara wako nao sijaona ukipanda tangu uanze. Huenda hiyo milioni 5 ikarudi na nyingine juu yake. Ninachotaka ni uyatazame mavuno ukiwa umeishika hiyo hesabu mkononi, kwa sababu zabibu hazisubiri bei. Mwenye mahindi kule Kibaigwa anaweza kuyafungia ghalani hadi Januari. Wewe zabibu zikiiva na mnunuzi hajatokea, unauza kwa bei ya kutupa, labda uwe na pa kukamulia uuze mchuzi wa zabibu, na mashine ya kukamulia nayo inataka fedha.

Njia ya tatu hukuitaja: ubaki kazini, umweke kibarua, uwe unakuja Jumamosi. Nayo ina gharama yake. Kuna ujira wa kibarua, kuna Jumamosi zako, na kuna kupogoa, kazi ambayo ikifanywa ovyo mti unajaa majani na matunda huyaoni. Nimeona mashamba ya wenye kazi mjini yakiishia hivyo.

Umesema pia huwezi kurudi nyuma kwa kuwa umeshatanguliza 200,000 ya miche na hairudishwi. Hiyo iondoe kwenye hesabu. Ukilima imeondoka, usipolima imeondoka, haiwezi kukusaidia kuchagua. Waingereza walianza mpango wao wa karanga pale Kongwa mwaka 1947. Mvua ilikuwa haba, udongo ukigeuka mgumu kila jua lilipowaka, matrekta yakiharibikia kwenye visiki, na fedha iliendelea kumwagwa hadi mpango ukafutwa mwaka 1951 ukiwa umepoteza pauni milioni 36 hivi. Pauni zilizozama pale zisingerudi kwa kulima ekari moja zaidi. La kuulizwa kila mwaka lilikuwa pauni inayofuata iende wapi.

Kuna yasiyo na bei, nayo yaandike. Mwanao ataanza shule mwakani, angalia umbali wa shule ya huku na ya huko. Na kuna kuwa karibu na mama yako. Hapo mimi usinisikilize sana, maana nina maslahi: nikikuona hapa kila asubuhi nitafurahi, na mtu mwenye furaha yake ndani ya jambo si mshauri mzuri.

Jirani anataka kulipia msimu kabla mvua hazijaanza. Nimemwomba asubiri hadi mwisho wa mwezi na amekubali, ingawa jana nimemwona ng'ambo ya korongo akipima kwa hatua shamba la mtu mwingine. Kwa hiyo hata kusubiri kwako kunanigharimu. Piga simu Jumapili baada ya ibada. Mama yako naye ana maswali, kubwa likiwa nani atakayemwagilia.

Baba yako