Usizifute zile ploti nne

Kisumu,
Jumapili jioni

Kwako rafiki yangu,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Barua yako niliisoma ndani ya matatu ya Busia, nikairudia nyumbani. Ulipofika mahali pa kusema kwamba kwenye jaribio lako mboji ya minyoo haikuongeza viazi, ila ukizifuta kwenye hesabu zile ploti nne, vile vipande vya shamba vilivyotuama maji, jibu "linakaa vizuri", chai ilinipalia.

Niambie: uliandika lini kwamba ploti ikituama maji itolewe? Kama imo kwenye pendekezo lako la utafiti, itoe, na useme umeitoa. Kama wazo lilikujia baada ya kuziona hesabu, dada, huko ni kupika data. Tena nakuuliza, je, hakuna ploti iliyotuama maji lakini ikazaa vizuri, ukaipita kimya?

Usinikasirikie, mimi mwenyewe nimepika bila kujijua. Msimu wangu wa kwanza nilitumwa kuhesabu kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi, kwenye mahindi. Ploti nyingine zilikuwa na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, nyingine mahindi matupu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoichochea mbegu ya kayongo iote, kisha ife kabla ya kuung'ang'ania mzizi wa mahindi. Basi penye desmodiamu, kimche kidogo nilikiona "bado hakijawa kayongo". Penye mahindi matupu, chochote kilichochungulia udongoni nilikiandika. Ukipenda, chongo huita kengeza. Mwenzangu aliporudia mistari ileile kwa kanuni moja, kwamba kilichotoka ardhini kinahesabiwa, desmodiamu ilishinda bado, ila pengo halikuwa lile langu. Na sikuwa nimedanganya hata siku moja!

Kuhusu aibu ya "kutopata kitu", kumbuka zile chati za kufundishia za huku Busia na Teso. Ukizilinganisha shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, wenye chati walikuwa mbele kwenye mitihani. Nani asingenunua chati? Lakini shule iliyojinunulia chati huenda pia ina mwalimu mkuu mkali na wazazi wanaochanga. Michael Kremer, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wawili wengine, na wenzake wakachukua shule 178. Nusu wakazipa chati bila kujali ipi inajiweza, nusu wakaziacha. Matokeo: chati hazikuongeza alama. Waliichapisha hiyo sifuri mwaka 2004, na mpaka leo inafundishwa madarasani. Kwangu mimi ni kazi tamu kuliko nyingi zilizo "fanikiwa".

Kwa hiyo andika tasnifu na ploti zote 24. Halafu weka jedwali la pili bila zile nne, ukisema wazi kwamba uligundua maji baadaye. Msimamizi wako akinuna, atazoea. Hayo maji yenyewe nayo ni swali la msimu ujao, bora sasa hivi uandike kanuni ya kipimo kabla hujapanda.

Mvuno ujao nitakuja Njoro. Magunia yape namba tu, ufunguo wa namba ubaki nao wewe, nami nitenge viazi vya kuuza na vidogo bila kujua vipi vilikula mboji. Malipo ni mukimo, na usiuweke pilipili.

Ni mimi,
jirani yako wa kitanda cha juu