Barua kwa somo yangu wa Lindi, kabla fundi hajapiga plasta

Shangani, Mtwara
14 Septemba 2025

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo. Upepo wa kusi bado unatujazia mchanga sebuleni, na mama mkwe yupo, kaja toka Newala na kapu la ming'oko wiki mbili sasa na wala habari ya kuondoka haitaji. Hofu yetu ni juu yako wewe na vumbi la ujenzi.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Unasema nyumba ya Mitwero imeshaezekwa, fundi anataka kupiga plasta mwezi ujao, nawe unataka muziki kama wa kwangu, unaoanzia jikoni ukakufuata mpaka barazani. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utaniitikia "ndiyo somo, ndiyo somo," halafu fundi atafanya ya kwake. Barua unaweza kumsomea.

La haraka kuliko yote ni ukuta. Mwambie apitishe paipu za nyaya toka pale utakapoweka ruta hadi sebuleni, jikoni, chumbani kwako na barazani, na ndani yake avute waya wa mtandao, ule wa Cat 6. Matofali ya saruji yanaimeza waifai. Kwangu niligundua baada ya rangi kukauka, nikalazimika kupasua ukuta wa jikoni upya, na ule mshono unaonekana hadi leo nyuma ya friji. La pili, kwenye kila boksi la swichi ashushe na nyutro, waya wa pili unaokamilisha mzunguko wa umeme. Mafundi wetu wengi huleta laivu tu, ule wenye umeme, kisha waya wa kurudi kwenye taa, basi. Swichi nyingi za kuamrishwa kwa mtandao zinahitaji nyutro pale pale ukutani ili ziwe hai hata taa ikiwa imezimwa. Atakwambia si lazima. Wewe mwambie mwenye nyumba kasema lazima.

Haya, sasa muziki.

Unaikumbuka Mei 2024? Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, barabara ikakatika Somanga, sisi wa kusini tukabaki kisiwani. Tukiwa bado tunahesabu nazi zilizoanguka, tarehe 12 mikongo ya baharini nayo ikakatika, EASSy na Seacom, na intaneti ikawa ya kudonadona siku kadhaa. Wakati ule nyumba yangu ilikuwa ya kisasa kwelikweli, kila kitu kwa programu ya simu. Basi nikakaa kwenye kochi nabonyeza "zima taa," taa inanitazama. Spika sebuleni, nyimbo maelfu kwenye akaunti, haitoki hata moja. Ndipo nilipoelewa kwamba amri ya kuzima taa iliyo hatua tatu toka nilipoketi ilikuwa inavuka bahari kwenda kwenye kompyuta ya kampuni fulani, ndiyo irudi Shangani. Nililia kwa kucheka, halafu nikalia kweli nilipokumbuka nilichokuwa nimelipa.

Tangu hapo nimefuata njia moja, na ndiyo ninayokushauri: ubongo wa nyumba ukae ndani ya nyumba. Intaneti ikija ilete nyongeza, ikiondoka isiondoke na swichi zangu.

Ubongo wenyewe ni kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, unaweza kuifunika kwa kiganja. Ndani yake kuna programu ya bure ya kuamrisha vifaa vya nyumba, Home Assistant, aliyoianza Paulus Schoutsen mwaka 2013, na juu yake nimeweka nyingine inayoitwa Music Assistant. Hii ya pili kazi yake ni kukusanya: nyimbo zangu zilizo kwenye diski, redio za mtandaoni, na akaunti ya Spotify, ile huduma ya muziki wa mtandaoni, zote zinakaa kwenye orodha moja, nami nachagua zitokee spika ya chumba gani. Diski ndiyo roho. Kanda zote za taarabu za marehemu mama nilizihamisha moja moja, jioni hadi jioni, kwa waya toka redio kaseti hadi kompyuta. Nyingi humo huzikuti kwenye huduma yoyote ya mtandao. Zipo za arusi ambazo katikati ya wimbo unamsikia mama anagombeza mtu aondoe sinia njiani.

Usiiweke programu kwenye kadi ya memori kama nilivyofanya mimi. Umeme wetu unapokatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika, kadi inaharibika. Ya kwanza ilikufa ndani ya miezi mitano na mipangilio yangu yote. Sasa kompyuta inawaka kutoka kwenye diski ya SSD, na yenyewe pamoja na ruta zina betri yao ndogo ya akiba. Umeme ukikatika wanabaki macho.

Spotify nimeibakiza kwa ajili ya watoto. Ilifunguliwa rasmi Tanzania Februari 2021, na ukitaka nyumba iiamrishe itabidi ulipie ile ya Premium. Lakini piga hesabu ya bando kwanza, somo. Ukiiacha kwenye ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, saa moja inakula kama MB 144. Muziki wa saa tano kwa siku ni MB 720, na mwezi ukiisha umezidi GB 21 kwa kusikiliza tu, bila picha hata moja. Ishushe iwe 96, saa moja itakula MB 43, na kwa spika ya jikoni yenye kelele za mwiko na sufuria hutaona tofauti. Jambo jingine, akaunti ya mtu mmoja haipigi sehemu mbili kwa wakati mmoja. Baba Salma alikuwa anaendesha kwenda Masasi, kashapita Ndanda, wimbo umemkolea, mara kimya. Huku nyumbani mama mkwe kabonyeza kitufe jikoni. Alinipigia simu kwa hasira akidhani nimemfungia.

Kuhusu vyumba viwili kuimba pamoja, hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Wanaanza na Bluetooth. Bluetooth ni ya mtu mmoja na simu yake: ukienda uani na simu mfukoni muziki unakatakata, na akipiga shangazi nyumba nzima inanyamaza. Ukijaribu spika mbili kwa mtandao bila mpangilio, unapata kile unachokisikia alfajiri misikiti miwili ya jirani inapoadhini, huyu mbele yule nyuma. Kwenye adhana ni raha, kwenye muziki ni maumivu ya kichwa. Sababu ni kwamba kila kifaa kina saa yake, na saa hizo hazilingani. Tofauti ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde sikio linaishika. Mimi natumia programu iitwayo Snapcast. Seva, yaani kompyuta inayogawa muziki, inaukata vipande vidogo, inaandika juu ya kila kipande wakati wa kupigwa, na kila kifaa kinarekebisha saa yake kwa seva. Jikoni na barazani sasa wanatoka pumzi moja. Spika zenyewe ni zile zile kuukuu na amplifaya ya zamani. Nimeongeza tu kompyuta ndogo zaidi nyuma ya kila moja. Kwa hiyo usikimbilie kununua spika za bei. Ya barazani tu ndiyo uchague isiyo na karatasi mbele, maana hewa ya chumvi haina huruma, na uiweke chini ya paa.

Sasa nikwambie kilichonipa shida na raha kuliko yote.

Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza, mwisho wa msimu wa korosho, nilimwashia taarabu kwa simu, nikaaga kwenda kazini. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya kama ina msiba. Kumbe wimbo uliisha saa nne asubuhi na hakuna aliyeweza kuwasha mwingine. Mama kaizunguka spika yote, kaipapasa nyuma na pembeni, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, redio hii inashikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Redio ya mbao ya baba yake ilikuwa na nobu mbili, moja ya sauti na moja ya kutafutia stesheni, na mtoto wa miaka minne aliijua. Yangu ilikuwa na akili nyingi na haina pa kushika.

Basi nikatafuta nobu. Nimepata ya kampuni ya IKEA, iitwayo Symfonisk, ile ya kwanza ya duara, inakaa mezani kama kifuniko cha chupa kubwa. Ukiizungusha sauti inapanda au kushuka, ukiibonyeza mara moja muziki unaanza au kusimama, mara mbili wimbo unaofuata, mara tatu unarudi nyuma. Haitumii waifai, inatumia Zigbee, mawimbi ya vifaa vidogo vinavyokula umeme kidogo, na kwenye Raspberry Pi unachomeka kipokezi chake kama flashi.

Siku ya kwanza mama kazungusha taratibu, sauti ikapanda, ikapanda, yeye kaacha, sauti haijaacha. Ikafika mwisho. Kuku wa jirani waliruka ukuta. Ilinichukua juma zima kuelewa. Nobu ile haitumi "ongeza kidogo" kila inapozunguka, inatuma "anza kupandisha," na ukiacha inatuma "simama." Hilo neno la pili lilikuwa linapotea njiani. Linapotelea wapi? Kipokezi nilikichomeka kwenye tundu la USB 3, na matundu hayo yanatoa kelele za mawimbi kwenye eneo lile lile la 2.4 GHz ambalo Zigbee inaongelea. Dawa yake ilikuwa kebo ya kurefusha, chini ya mita moja, kipokezi kikae mbali na kompyuta. Halafu nikaihamisha Zigbee chaneli ya 25, ruta ya waifai nikaiacha kwenye 1, wasisukumane. Na kwa kuwa simwamini mtu tena, nimeweka ukomo: nobu haiwezi kuvuka asilimia 60 hata izungushwe na jini.

Jini nimemtaja kwa sababu. Ramadhani iliyopita umeme ulikatika jioni muda mrefu, betri ya akiba ikaisha, tukalala. Saa nane usiku umeme ukarudi, na nyumba yangu yenye akili ikakumbuka ilipoishia: kijana wangu alikuwa akisikiliza singeli barazani. Singeli, somo, Ramadhani, saa nane usiku, spika ya nje! Nilitoka mbio na kanga moja, simu sijui iko wapi, na yule aliyetuokoa ni mama mkwe. Kaenda jikoni gizani, kaibonyeza nobu mara moja, kimya. Kisha akarudi kulala bila kusema neno. Asubuhi majirani walinisalimia kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida.

Kwa hiyo andika hili pembeni: ipe Home Assistant maelekezo kwamba ikiwaka upya baada ya umeme kukatika, spika zote zianze zikiwa zimezimwa na sauti iwe 20. Ni mistari michache tu, nitakutumia ya kwangu.

Mengine ni madogo. Kuna kipengele cha nyakati za swala ndani ya Home Assistant, kinahesabu kwa mahali nyumba ilipo. Kwangu muziki unanyamaza dakika chache kabla ya adhana na haurudi wenyewe, mpaka mtu abonyeze. Taa nimeziacha na swichi za kawaida ukutani, za kubonyeza kwa kidole, zinatii simu pia. Mlango sijauunganisha na chochote wala sina mpango. Mlango ni wa kufuli.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 27 na basi la asubuhi. Fundi awepo, na paipu awe ameshanunua. Nobu yako ninayo tayari, imekaa mezani hapa ninapoandikia. Mama anaitazama, anauliza kwa nini jikoni kwake Newala haipo.

Wasalimie wote, Salma anasema umletee visheti.

Ni mimi somo wako.

N.B. Nobu inatumia betri ile bapa ya duara, CR2032. Usizunguke maduka ya umeme ukaambiwa haipo. Omba betri ya rimoti ya gari.