Usivute toleo jipya kwanza

Swahiba,

Salaam nyingi. Nimekaa kimya mno, na najua ukiona barua yangu utajiuliza nimeharibu nini. Basi, nimeharibu.

Ile zana.py, faili yetu ya Python tunayotumia sote, nimeigawa. Ilikuwa stoo, kila mtu anatupia chake. Sasa ni pakeji, yaani folda ya faili za Python inayoitwa kwa jina moja: folda zana/, ndani faili.py, rekodi.py na mtandao.py, halafu __init__.py inayoimpoti (kuleta) karibu majina yote kutoka humo, ili `from zana import pakua` ya zamani isiguswe. Zana.py yenyewe nimeifuta, maana vikikaa pamoja Python huchukua folda, na faili inabaki kudanganya macho.

Impoti zote zikakubali. Majaribio yote yakapita. Nikajisifu siku nzima!

Unakumbuka mazoea yetu ya kuandika `zana.KIKOMO = 5` programu inapoanza? Hailalamiki, ila haifanyi kitu. Funksheni pakua sasa inakaa mtandao.py na inasoma KIKOMO cha humo. Sisi tunabadilisha jina lililobaki mlangoni tu, yaani kwenye __init__.py. Mwalimu naye kwenye majaribio huweka funksheni tuma ya bandia, isiyotuma kitu, pale `zana.tuma`. Funksheni arifu iko mtandao.py, ikaita tuma ya kweli ya jirani yake. Jaribio likapita, na Shemeji akapokea “habari moja mbili tatu” mara kumi na moja. Bado hajaniongelesha.

Ile ya `__file__` (mahali faili yenyewe ilipo) kutafuta orodha.csv ndani ya folda mpya niliirekebisha upesi, kwa sababu ilipiga kelele. Hii ya KIKOMO ndiyo inaninyima usingizi. Nafikiri niwe na mipangilio.py moja, kila mtu asome `mipangilio.KIKOMO` wakati wa kuitumia, asiibebe kwa impoti. Lakini tena itabidi wote mbadilishe mistari yenu, na nilishaapa hakuna atakayebadilisha hata mmoja...

Sasa nisaidie. Wewe unaweka KIKOMO wapi? Unaimpoti `_safisha`, ile yenye mstari wa chini mbele? Sikuiweka mlangoni. Na zile pickle zako za Rekodi, faili ulizohifadhia data ya Python: za zamani zitafunguka, lakini mpya zitaandikwa `zana.rekodi`, kuna mashine yako bado iko toleo la nyuma? Na Shemeji, amekwambia chochote?

Nijibu kabla sijaunganisha tawi langu na msimbo wa wote.

Wako yuleyule