Kasisi mpelelezi: tuambieni ni wa kanisa gani na mwaka gani

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa vitabu kuhusu hadithi za mauaji katika vijiji vya Uingereza iliwatia makasisi wapelelezi wote kapu moja, kisha ikasema hadithi zao ni za kupitishia wakati tu kwa kuwa hazina damu. Kuhusu damu sina ugomvi: mauaji hutendeka pasipo msomaji kuyaona, na maiti hukutwa imekwisha poa. Lakini kapu moja linapotosha. Anachoweza kufanya kasisi katika hadithi hizi hutegemea kanisa lake na mwaka anaoishi.

Father Brown, mhusika wa mwandishi Mwingereza G.K. Chesterton, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1910, ni padri Mkatoliki. Tangu Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, Uingereza ilipojitenga na Papa, kanisa la kale la mawe katikati ya kijiji cha Kiingereza ni la Anglikana. Wakatoliki huwa wachache, na padri wao huonekana kama mtu wa pembeni. Chesterton alilitumia hilo kwa ustadi mkubwa: watu humdharau padri mfupi mwenye mwavuli, wakajisahau mbele yake. Tena hakumfunga kijijini. Hadithi ya kwanza inaanzia bandari ya Harwich na kuishia Hampstead Heath, London. Ni televisheni, mwaka 2013, iliyomweka katika kijiji kimoja cha miaka ya 1950 na kumpa kanisa ambalo kwa kweli ni la Anglikana, lililoko Blockley katika eneo la Cotswolds.

Kasisi wa Anglikana ni mtu mwingine kabisa. Anaruhusiwa kuoa, anaishi katika nyumba ya kanisa, ana wazee wa kanisa wawili wa kumsaidia, na mara nyingi haki ya kumteua ilikuwa mkononi mwa familia ya bwana mwenye ardhi. Kwa hiyo huenda akalazimika kumhoji mtu yuleyule aliyempa kazi. Ila akishasimikwa, kumwondoa kulikuwa kugumu sana kisheria, na hapo ndipo ujasiri wake unapopata mashiko.

Siri ya maungamo ndiyo inayowakwaza waandishi wengi. Kwa padri Mkatoliki haina mlango wa kutokea: haruhusiwi kusema alichosikia, wala kukitumia kwa namna yoyote itakayomdhuru aliyeungama. Muuaji akiungama katika sura ya tatu, upelelezi wa padri umefikia mwisho, kwa sababu hata kumwelekeza polisi kwa fumbo ni kuvunja siri. Mwandishi makini huweka maungamo mwishoni, au humwacha padri agundue kwa akili yake kabla ya kuambiwa. Kwa Anglikana ipo kanuni ya 113 ya mwaka 1603, ambayo sehemu yake kuhusu maungamo ingali na nguvu. Nayo inakataza kufichua, isipokuwa kosa ambalo kulificha kungemtia kasisi mwenyewe hatarini kuuawa na sheria za nchi. Tofauti hiyo peke yake inazaa hadithi mbili zisizofanana.

Halafu kuna kitanzi. Kabla ya mwaka 1957, mtu mzima aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia alihukumiwa kunyongwa, na ni msamaha tu ulioweza kumwokoa. Kasisi aliyemtaja muuaji alijua anampeleka wapi, na kwa desturi zilipaswa kupita Jumapili tatu kamili kati ya hukumu na kunyongwa. Ndiyo maana toba inabeba uzito mkubwa katika hadithi za zamani: muda wa kuipata ulikuwa mfupi. Sheria ya 1957 ikabakiza kitanzi kwa aina chache za mauaji. Kupiga risasi kulikuwa miongoni mwake. Kutilia mtu sumu hakukuwamo. Mwaka 1958, basi, aliyemuua mkewe kwa bastola angeweza kunyongwa, na aliyetumia aseniki angefungwa maisha. Mwandishi asiyejua hili humtia kasisi wake uchungu usio na sababu. Adhabu ya kunyongwa ilisitishwa mwaka 1965, ikaondolewa moja kwa moja kwa makosa ya mauaji mwaka 1969.

Daftari la kanisa nalo linatumiwa vibaya mno. Parokia za Uingereza zilianza kuandika ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538, kwa hiyo ni haki kasisi apate humo urithi uliofichwa au mke wa kwanza aliyesahauliwa. Kosa ni ile hadithi ambamo mtu anachana ukurasa wa ndoa usiku na siri ikazikwa. Kuanzia Julai 1837 kila ndoa iliandikwa katika madaftari mawili, na kila baada ya miezi mitatu nakala ilipelekwa kwa msajili wa serikali wa wilaya. Ndoa ya mwaka 1920 haipotei kwa kuchana karatasi moja. Ukurasa ukichanwa, kinachomsaidia kasisi ni kujua nani alitaka usisomwe. Yaliyomo atayapata kwa msajili.

Kaburi pia halifukuliwi kwa kukubaliana na inspekta. Katika ardhi iliyowekwa wakfu hutakiwa kibali cha mahakama ya askofu, au amri ya afisa anayechunguza vifo.

Tena asidhani mtu kwamba Mungu humnong'oneza kasisi jina la muuaji. Ronald Knox, padri na mwandishi wa hadithi hizi, alitoa kanuni kumi mwaka 1929, na mojawapo inakataza kabisa nguvu zisizo za kawaida. Kasisi anamjua muuaji kwa sababu amekwisha kusikia dhambi za watu wa kawaida kwa miaka mingi, na hashangai tena mtu mpole akitenda jambo la kutisha. Huo ni ujuzi wa kazi, kama wa daktari.

Nawaomba, mkihakiki kitabu kingine cha namna hii, mtaje kanisa la kasisi na mwaka wa matukio katika aya ya kwanza, na mhakiki aseme kama mwandishi alizifuata sheria za mwaka huo.

Msomaji wenu