Kwa mdogo wangu aliye gerezani Luzira, Kampala

Mdogo wangu,

Daftari limefika. Yule kijana uliyempa alipoachiwa alilileta mpaka Bombo, kurasa zimejaa hadi pambizoni. Hadithi ya askari jela aliyejifunza kusoma kwa kukagua barua zenu ilinichekesha peke yangu jikoni, watoto wakaja kuchungulia. Kalamu unayo, hilo sikunyimi.

Lakini kwenye hitima ya Mama, kwa nini? Kijana alisimama mbele ya shehe, wajomba na majirani, akasema ana salamu zako, kumbe ana shairi. "Dada kauza shamba, kanunua kimya." Shangazi akaweka sahani chini. Hakuna aliyenitazama, ndipo nikajua wote wameelewa.

Shamba liliuzwa, ndiyo. Wakili wako alilipwa na nini? Ungeuliza kwanza, vina ukavitafuta baadaye.

Wala usinitajie tena yule mshairi Abdilatif Abdalla. Yeye alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa kijitabu alichoandika, akatunga diwani yake Sauti ya Dhiki juu ya karatasi za chooni. Stella Nyanzi, mshairi wa hapa Uganda, naye aliingia hapo hapo Luzira, upande wa wanawake, kwa ajili ya shairi. Aliyotunga ndani yakatolewa kwa siri, yakawa kitabu 2020. Hao walimwandika mkubwa mwenye dola. Wewe uliingia kwa sababu ya pikipiki ya mtu, na unayemwandika ni anayekuletea sabuni. Nimepekua daftari lote, pikipiki haimo.

Andika mnavyobanana usiku. Andika posho na maharage, na huyo mzee unayesema anahesabu kesi yake kwa misimu ya mvua. Hapo ndipo unapoandika kama mtu. Mwandike na Mama, ila umwandike sawasawa. Nani alimwogesha? Nani alimwambia kila jioni kwamba uko Juba kikazi, simu haishiki? Nilidanganya ili alale, na alilala. Ningemwambia ukweli, angekufa mwaka mmoja kabla, halafu ungetunga shairi kuhusu hilo pia.

Ninyi wengine mnaosoma, msiharakishe kunihukumu. Hamkuketi ofisini kwa yule wakili.

Baba mdogo anakusalimu. Amekataa kusikia neno baya juu yako, jambo ambalo mimi sijawahi kufanyiwa.

Nitakuja wiki ijayo na sukari. Shairi la shamba ukilirekebisha, tia na bei ndani, na aliyelipwa.

Dada yako