Barua kwa mwanangu anayekwenda kusomea uofisa

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba baba. Tangu uniambie umechaguliwa kwenda chuo cha jeshi Monduli nina furaha na woga vyote kwa pamoja, na anayenijia kichwani ni yule jenerali wa Uingereza niliyekuwa nafundisha darasani, Lord Raglan. Acha nikuandikie maana kwenye simu hatumalizi.

Jina la kuzaliwa ni FitzRoy Somerset, 1788, mtoto wa mwisho wa kiume wa Duke wa Beaufort, yaani ukoo mkubwa haswa. Jeshini kaingia 1804 ana miaka 15 tu, na enzi zile vyeo vya uofisa vilikuwa vinanunuliwa kwa hela, wamekuja kufuta 1871, sasa mtoto wa maskini hapo angepita wapi? Ila usidhani alikuwa wa kubebwa tu. Alikuwa katibu wa Wellington, jenerali mkubwa wa Uingereza enzi hizo, akamuoa Emily, mtoto wa kaka yake Wellington, Agosti 1814, na hata mwaka hawajatimiza ikaja Waterloo, ile vita ya kumpiga Napoleon wa Ufaransa, risasi ikamvunja mkono wa kulia. Wakamkata bila ganzi maana ganzi ilikuwa haijajulikana bado, na walipokuwa wanaenda kuutupa akawaita, rudisheni kwanza huo mkono, kidoleni kuna pete ya mke wangu. Akajifunza kuandika kwa kushoto, kazi ikaendelea.

1845 mtoto wao mkubwa wa kiume, Arthur, akauawa vitani Ferozeshah kule India.

Halafu 1854 mzee wa miaka 65 anapewa jeshi zima kwenda Crimea kupigana na Warusi, na hajawahi kuongoza hata kikosi kimoja vitani! Wapambe wake kadhaa ni watu wa ukoo wake. Pale Balaclava, 25 Oktoba, yuko juu kilimani anaona Warusi wanataka kuondoka na mizinga, anatuma amri kwa karatasi wapanda farasi wawahi kuwazuia, ila Lord Lucan, mkuu wa hao wapanda farasi, yuko bondeni hiyo mizinga haioni kabisa, anauliza mizinga ipi, aliyeleta karatasi ananyoosha mkono tu. Lucan akampa amri shemeji yake Lord Cardigan, na hao wawili walikuwa hawapatani hata kidogo, hawakukaa wakaulizana vizuri, wanaume kama 670 wakapelekwa kwenye mizinga ambayo siyo, zaidi ya 100 wakafa. Baba, ukitoa amri jiulize yule aliye chini anaona nini, nakusihi sana.

Na baridi ilipokuja ndo balaa, dhoruba ya Novemba ikazamisha meli zenye nguo za baridi, askari wakafa kwa kipindupindu na kuhara kuliko kwa risasi. Kwao magazeti yakamsema vibaya sana. Mi sikubali kwamba yote yalikuwa yake, serikali ilipeleka jeshi bila mikokoteni ya kutosha, lakini askari walikuwa wake na ilibidi awapiganie kwa sauti, yeye alikuwa mpole mno.

18 Juni 1855 shambulio la Sevastopol, mji wa Warusi kule Crimea, likashindwa, siku kumi baadaye akafa kwa kuhara. Wakamrudisha kwao Uingereza wakamzika kijijini Badminton.

Emily akabaki mjane mpaka 1881. Huyo mama ndo ninayemuwaza, vita imechukua mtoto, imechukua na mume. Ukifika Monduli piga simu hata kama ni usiku.

Mama yako