Nekesa, simama kwanza uangalie

Nekesa mwanangu,

Nakuandikia kwa simu nikiwa hapa geti, saa nane usiku, malori yamelala na macho ni yangu peke yangu. Zamu inaisha saa kumi na mbili na taxi yako ya kwenda kwenye kozi ya kuzima moto na huduma ya kwanza inaondoka saa kumi na moja kwa hivyo hatutaonana, na yale niliyotaka kukwambia jana jioni yalinikwama pale wewe na mamako mlipoanza kugombana juu ya begi. Usiisome mbio mbio hii, soma pole pole ukiwa kwa gari.

Ni ile picha uliyoweka status, ya siku walipokuja shuleni kuwaonyesha kuzima moto. Nimeipiga skrinshoti, nimewaonyesha madereva wote wa yadi, huyu ni binti yangu, hata yule mzee wa trela ambaye hacheki na mtu akasema huyu atakuja kuwa afande. Nilijisikia vizuri sana. Lakini walipoenda kulala nikaivuta ikawa kubwa, nikaona. Pipa linawaka, upepo unakuja upande wako, na wewe umevaa sweta ya shule. Sweta ile ni nailoni, mama. Haiungui ikawa majivu kama pamba, inayeyuka inashika kwenye ngozi, na mtu ikimshika hivyo haivutwi, unamwagia maji ya baridi unaiacha mpaka hospitali. Na wewe hapo kwa picha unacheka.

Sijakataa kozi. Kuna maneno nilisema mwezi wa kumi na mbili, ati msichana na mipira ya maji wapi na wapi, ati kacherehani ka mamako kako pale bure. Sawa, nilisema, nilikuwa nimetoka zamu sijala. Lakini karo si nimelipa? Yule mbuzi hakujipeleka sokoni mwenyewe. Ila na wewe ungeniuliza kabla ya kujaza fomu, kwani mimi ni jirani?

Kitu kimoja tu ndio nataka. Kabla ya kumkimbilia mtu, simama uangalie. Najua watakufundisha, na najua utasema baba hiyo iko kwenye daftari ukurasa wa kwanza. Mimi sizungumzi daftari, nazungumza miguu yako. Miguu yako inatangulia kichwa, tangu ukiwa mdogo.

Januari 2009 nilikuwa nimelala Nakuru na gari, lori la mafuta lilipopinduka Sachangwan, kule upande wa Molo. Watu wakatoka na ndoo, na jeriken, na sufuria, halafu likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Tulipita pale baadaye, sikwambii nilichoona, lakini nilichojifunza ni kwamba moto hauulizi nani alikuja kuchota na nani alikuja kusaidia. Ukasema zamani hiyo, na ni Kenya. Haya, Oktoba 2024, Kigogwa hapo barabara ya Bombo, ukienda Kampala si mbali, lori limeanguka, watu wamekuja na jeriken zile zile.

Petroli yenyewe haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke ule ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango, unaenda taratibu mpaka ukutane na sigiri ya mtu ambaye hata hajui kuna mafuta karibu. Mkono wa mamako unaujua, ile siku sitaki kuirudia, na jeriken ile ilikuwa ya nani tuache. Madereva wote tulikuwa tunafanya, ilikuwa ni kama marupurupu. Ninachosema ni kwamba uliingia. Ulikuwa na miaka tisa na ukaingia na blanketi. Watu wanasema shujaa, na mimi nikasema shujaa, lakini mpaka leo nikisikia neno hilo tumbo linanikata.

Kwa hivyo angalia kwanza. Upepo unatoka wapi, waya wa stima umeanguka wapi, ni nini kinavuja. Ajali ya boda ikiwa katikati ya barabara, mtu anavuja damu, kwanza angalia magari yanayokuja, weka mtu wa kuyasimamisha, vaa glavu, ndio uiname. Piga 999 au 112 kabla mikono haijachafuka.

Ile Jumamosi uliyoniletea chakula hapa geti ukaushika mtungi wa kuzimia moto tunaoegeshea geti lisifunge, ukafuta vumbi kwa kidole, ukaniambia baba, mshale uko kwenye nyekundu, huu hauna presha. Miaka minne nimeuona mtungi ule, nimeukalia hata kula mhogo, na sijawahi kuangalia kale kasaa. Mlinzi mzima! Yunifomu nilipewa, kofia nilipewa, kufundishwa hakuna siku. Nimemwambia bosi, amesema tutaona, na malori ya petroli yanalala hapa kumi na kitu kila usiku. Nilitaka kukwambia asante siku hiyo, nikasema tu chai imepoa.

Kingine, usije ukadhani ukirudi na cheti cha miezi mitatu umeshakuwa zimamoto. Hapa Uganda zimamoto ni polisi, huwezi kuingia kule mpaka uajiriwe polisi upelekwe depo ya mafunzo, Kabalye kule Masindi, na una miaka 17. Matokeo ya S4, kidato cha nne, yakitoka utarudi shule S5, hilo tumemaliza, usianze tena na mamako. Ila kozi yenyewe haipotei, mtu anayejua kubana damu ana kazi popote, hospitali, kiwandani, hata kwa haya makampuni ya ulinzi, na wewe utawafundisha wao.

Nasikia unahesabu usiku, ukijizoeza kubonyeza kifua cha mtu aliyeacha kupumua. 30 halafu pumzi mbili, 30 halafu pumzi mbili. Mto wa mamako umepasuka kwa sababu ya hizo 30, pamba imejaa chumba na anadhani ni panya. Sijamwambia. Mfundishe na kakako akija.

Kwa shangazi yako Kireka, msalimie, usimjibu akianza habari za mume. Anapikia gesi na mtungi ameuweka ndani karibu na kitanda, mwambie kwa adabu autoe nje. Gesi nayo inakaa chini kama petroli, ukisikia harufu usiwashe taa wala usizime, fungua mlango utoke. Akikataa nipigie mimi, ni mdogo wangu atanisikia.

Pesa nimetuma kwa simu ya mamako, laki moja na nusu, hesabu kabla ya kutoka, ya kutoa nimeongeza. Bati la jikoni nitalipiga misumari Jumanne mvua isipokuja, na yule kuku uliyemfungia mguu anatembea.

Sweta ya shule iache nyumbani. Kwenye sanduku la chini kuna overoli yangu ya zamani ya gari, ni pamba tupu, kunja mikono itakutosha. Inanuka mafuta bado. Usiivae karibu na moto wowote kabla hujaifua mara mbili, na sabuni ya mche, si ya unga.

Baba